Ngong si uwanja wa mazoezi

Vilima vya Ngong vimepatwa na mikosi miwili: viko karibu mno na Nairobi, na ni vifupi mno mbele ya Kilimanjaro. Kwa ule mkosi wa kwanza, kila mtu anadhani anavijua. Kwa ule wa pili, hakuna anayeviita mlima. Jumamosi alfajiri matatu za nambari 111 hujaa vijana waliovaa viatu vya michezo, chupa za maji zikining'inia kwenye mabegi, na ukisikiliza mazungumzo yao utadhani wanaelekea jimu. Leo ni mazoezi. Mwezi ujao Longonot, baadaye Elephant Hill kule Aberdare, Desemba Lenana, na Mungu akijalia mwakani Kilimanjaro. Waandaaji wa safari nao hutangaza hivyo hivyo: njoo Ngong ujipime, ujinoe, ujiandae. Mgongo wenye vilele saba, ambao kuutembea toka mwisho mmoja hadi mwingine humaliza siku, umegeuzwa daraja la chini la ngazi inayoelekea kwingine. Makala haya yanasema kuna kosa katika hesabu hiyo, tena kosa lenye gharama. Linatufanya tuutembee mgongo huu vibaya na kuusimamia vibaya, na hata hayo mazoezi yenyewe hatuyapati vile tunavyodhani.

Kosa linaanzia kwenye kipimo. Tumezoea kuupima mlima kwa namba moja, kimo chake kutoka usawa wa bahari, na kwa namba hiyo Ngong haifurukuti. Lamwia, kilele chake kirefu kuliko vyote, kina mita 2,460. Longonot ina mita 2,776, Lenana 4,985, na Uhuru kule Kilimanjaro 5,895. Kwa mwenye kupima hivyo, mjadala umekwisha. Lakini hebu tukipeleke kipimo hicho Uingereza tuone kama kitasimama. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote nchini humo, una mita 1,345. Nairobi yenyewe, pamoja na msongamano wake wa magari, iko kwenye takribani mita 1,700. Kwa hiyo mchuuzi wa njugu aliyeketi kando ya barabara ya Tom Mboya yuko juu kuliko kilele ambacho Waskoti hukipanda kwa ramani na dira, na ambacho kimewatoa watu roho miaka nenda miaka rudi. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema kwamba mchuuzi yule ameshinda mlima. Linaloufanya mlima uwe mlima kwa miguu ya binadamu ni yale yanayompata kati ya pale alipoanzia na pale anapoishia, na hapo ndipo mgongo wa Ngong unapoanza kudai haki yake. Mji wa Ngong uko kama mita 500 tu chini ya Lamwia. Ingekuwa njia moja iliyonyooka kwenda juu, watu wangeimaliza na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini mgongo haupandwi mara moja. Unampandisha mtu, unamnyang'anya nusu ya alichopanda, kisha unamdai akilipe upya.

Tuichukue kwanza hoja ya mazoezi, maana ndiyo yenye wafuasi wengi. Mtu anayejiandaa kwa Lenana au Kilimanjaro anajiandaa dhidi ya nini hasa? Wengi wanaogeuzwa njiani kwenye milima ile hawageuzwi na miguu. Hugeuzwa na kichwa kinachogonga, kichefuchefu na pumzi isiyotosha, yaani na hewa nyepesi. Kwenye kilele cha Uhuru shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani. Juu ya Lamwia ni kama robo tatu. Madaktari wanaoshughulika na maradhi ya mwinuko huanza kuyahesabu kutoka takribani mita 2,500 kwenda juu, na Lamwia inaishia mita 40 chini ya hapo, kana kwamba ilipimwa makusudi. Mkazi wa Nairobi anayelala kwenye mita 1,700 kila siku mwili wake umekwisha kuzoea sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Aliyetoka Mombasa jana ataihisi kidogo kifuani, basi. Na hata kama Ngong ingekuwa juu zaidi, mazoea ya mwili kwa mwinuko hayawekwi akibani; ukishuka, baada ya wiki chache yanapotea. Kumbe basi yule kijana anayepanda Ngong mwezi wa nane ili Kilimanjaro isimshinde mwezi wa kumi na mbili anasomea mtihani kwa kitabu cha somo jingine. Hili halimaanishi kwamba hajafanya kitu. Maana yake ni kwamba alichofanya kina thamani nyingine, ambayo kwa kuwa akili yake iko Kilimanjaro, hakuiona.

Mtetezi wa mazoezi atajibu: sawa, hewa hapana, lakini miguu je? Hapo ana haki, na ni vizuri tumpe haki yake yote. Mwaka 1892 William Naismith, mpanda milima wa Uskoti, alitoa kanuni ya kukadiria muda ambayo hutumika hadi leo: saa moja kwa kila maili tatu, ambazo ni karibu kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani kama mita 600. Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba haijali mita hizo zimepandwa wapi. Zikiwa ukuta mmoja au zikiwa zimegawanywa vipande saba, deni ni lile lile. Ndiyo maana mgeni anayeitazama Ngong kutoka barabarani hujidanganya. Anaona nundu za kijani zilizolala kwa upole, anahesabu kilomita, anasahau kujumlisha. Naismith naye alisahau kushuka, na kwenye mgongo kushuka ndiko kunakoumiza. Paja la mtu anayeteremka hufanya kazi ya breki: msuli unavutwa huku unajikaza, na uchungu wake hauji siku ile, huja kesho yake na keshokutwa, kwenye ngazi za ofisi. Mtazame mtu anayeshuka kilima cha tano. Ameacha kuweka kisigino, anashuka kiupandeupande kama anayepita mlangoni na mzigo, mkono mmoja umeshika nyasi ambazo upepo umezilaza upande mmoja na haziwezi kumzuia, changarawe zinabingirika chini ya soli laini ya kiatu kilichonunuliwa kwa ajili ya lami. Akifika chini anainua macho. Kile anachokiona mbele yake ndicho kilele kinachofuata, na kinamtaka apande mita zile zile alizotoka kuzipoteza sasa hivi. Wanaopishana njiani huulizana, “Bado vingapi?” na jibu huwa “Viwili tu,” hata vikiwa vinne, ni uongo wa huruma unaosemwa na kila mtu na kuaminiwa na kila mtu. Kwenye mlima wa kilele kimoja swali hilo halina maana. Pale mtu anaona anakokwenda, akifika amefika, na kushuka ni kurudi nyumbani.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka izingatiwe, maana inabadilisha hata namna mtu anavyofikiri akiwa njiani. Mlima wa kilele kimoja una hadithi yenye kikomo kimoja, na kila hatua kabla ya kikomo hicho ni ya kuvumiliwa. Mgongo hauna kikomo cha namna hiyo. Lamwia, kilele kirefu kuliko vyote vya Ngong, hakipo mwisho wa njia. Mtu akitokea upande wa mji wa Ngong, akishakikanyaga bado ana vilima vya kushuka na kupanda hadi Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Yule aliyekuja kutafuta namba kubwa zaidi huipata mapema kisha anakaa bila kazi. Wengi hugeuka hapo, au hata kabla ya hapo, wakarudi walikotoka, na kwa mantiki ya mazoezi hawajakosea kitu: wameshapata jasho lao. Lakini wameiacha nusu ya kusini ya mgongo, iliyo kimya zaidi, na wameacha pia lile jambo ambalo mlima mmoja hauwezi kumpa mtu, yaani kuutazama mlima ule ule kutoka juu ya mlima mwingine ulio jirani yake, kugeuka nyuma na kuona njia yote aliyopita ikiwa imeandikwa kwenye nyasi.

Jambo la pili ambalo kipimo cha kimo hakilioni ni ukingo. Ngong ni mabaki ya volkano ya kale, ya mamilioni ya miaka, ambayo upande wake wa magharibi ulididimia Bonde la Ufa lilipopasuka. Kwa hiyo kinachotembelewa si safu ya vilima saba vilivyoota kila kimoja peke yake. Ni mdomo uliobaki wa mlima uliovunjika. Mashariki mteremko ni wa taratibu, wenye misitu ya kupandwa, mashamba, mabati ya nyumba za kupangisha yanayosogea mwaka hadi mwaka, halafu Karen na majengo marefu ya Nairobi kwa mbali. Magharibi ardhi inashuka kwa ngazi hadi sakafu ya bonde, zaidi ya mita 1,000 chini ya miguu, kuelekea Olorgesailie na Magadi, na siku isiyo na ukungu Suswa na Longonot huonekana upande wa kaskazini. Matone mawili ya mvua yakianguka hapa juu, moja hatua chache kutoka kwa jingine, yanaweza kutengana maisha. La mashariki litaingia Mbagathi, kisha Athi, kisha Galana ambao watu wa pwani huuita Sabaki, na litafika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. La magharibi litateremkia Bonde la Ufa na halitaiona bahari kamwe. Upepo nao unafuata sheria hiyo hiyo: unakuja na unyevu wa bahari, unaumwaga upande wa mashariki, unavuka mgongo ukiwa mkavu. Ndiyo maana upande mmoja kuna misonobari na mwingine kuna migunga. Kilele kirefu kinampa mtu mandhari ya mbali, lakini mara nyingi kinachoonekana ni mawingu. Ukingo kama huu unampa sababu ya mandhari, na anaitembelea sababu hiyo kwa saa kadhaa mfululizo, mguu mmoja ukiwa Nairobi na mwingine Magadi.

Hata idadi ya vilele yenyewe ina ubishi wenye mafunzo. Karen Blixen, ambaye shamba lake la kahawa lilikuwa chini ya vilima hivi na ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1937, alihesabu vinne. Wapandaji wa leo wanahesabu saba. Wote ni wakweli. Kutoka shambani, kwa jicho, nundu ndogo humezwa na kubwa, na safu inaonekana kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa. Kwa mguu, kila unaposhuka ukapanda tena, umehesabu kimoja, jicho litake lisitake. Waskoti walilijua tatizo hili kabla yetu. Mwaka 1891 Hugh Munro alichapisha orodha ya vilele vyote vya Uskoti vyenye zaidi ya futi 3,000, kama mita 914, na hakuwahi kueleza bayana ni wapi kilele kinaacha kuwa nundu ya jirani yake na kuwa mlima wenye jina lake. Orodha imekuwa ikirekebishwa tangu wakati huo. Sasa ina milima 282, na wanaojitahidi kuimaliza yote hawahesabiki. Munro mwenyewe alifariki mwaka 1919 bila kuimaliza. Kilichotokea kwa sababu ya orodha ile ndicho kinachotuhusu. Vilele visivyojulikana, vya pembeni, ambavyo hakuna mtu angesafiri kwa ajili yake, vilipata wageni kwa sababu tu viliandikwa. Orodha ina ujinga wake, nakiri: kuna wanaokwenda mlimani kutia alama kwenye daftari, na mlima kwao ni kisanduku. Hata hivyo kumbuka kwamba milima yote ile 282 iko chini ya mji wa Ngong kwa kimo. Watu walioamua kuiheshimu hawakusubiri irefuke.

Ngong haina orodha ya namna hiyo inayojulikana na umma. Mwulize mpandaji wa kawaida jina la kilele anachokikanyaga. Akitaja Lamwia amejitahidi, vingine vitakuwa cha tatu, cha tano, kile chenye milingoti. Vilima visivyo na majina ni rahisi kuviona kuwa vituo vya mazoezi. Ukivijua vilivyobeba, haiwi rahisi tena. Kwenye miteremko ya mashariki kuna kaburi la Denys Finch Hatton, aliyekufa katika ajali ya ndege Voi mwaka 1931 na ambaye watalii humfuata kwa sababu ya kitabu cha Blixen na sinema yake. Ni chini ya vilima hivi pia, mwezi Machi 1975, mwili wa mbunge J. M. Kariuki ulipopatikana baada ya kuuawa, na siasa za Kenya hazikurudi zilivyokuwa. Wageni wengi wanaopita wanaijua hadithi ya Mwingereza huyo Finch Hatton na hawajui kwamba ile ya pili ilitokea hapo hapo. Upande wa kaskazini wa mgongo mitambo miwili ya kwanza ya umeme wa upepo ilisimamishwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji. Leo kituo hicho cha KenGen kina uwezo wa megawati 25.5, na hapo ndipo Kenya ilipojifunzia kazi ambayo baadaye iliizalia mradi wa megawati 310 kule Ziwa Turkana. Mitambo hiyo iliwekwa pale kwa sababu ile ile inayomfanya mpandaji afunge kofia yake kidevuni.

Na hapo ndipo pingamizi la kwanza zito linapoingia. Mtu atasema: unatuambia ni mlima wa heshima, wakati mapanga ya mitambo yanavuma juu ya vichwa, barabara ya gari inafika mpaka karibu na kilele cha kwanza, na kwenye lango watu wanauziwa mayai ya kuchemsha kwa kachumbari? Anayetaka pori aende Aberdare. Ni kweli kwamba Ngong si pori, na asiyependa binadamu wenzake asiende huko Jumamosi. Lakini wazo kwamba mlima wa kweli ni ule usio na watu ni wazo la kuazima, na Afrika Mashariki limewahi kutumika kuwafukuza wenyeji ili wageni waone upweke. Milima yetu mingi ina watu. Taita watu wanalima hadi karibu na misitu ya vileleni. Uluguru juu ya Morogoro vivyo hivyo. Usambara njia za wapandaji ndizo njia za kwenda sokoni. Ngong wafugaji wa Kimaasai wanalisha ng'ombe na kondoo kwenye nyasi zile zile, na nyasi zile ni fupi na rahisi kupitika kwa sababu wanalisha. Mitambo ya upepo haiharibu hoja yangu, inaiongezea. Mahali ambapo mfugaji, fundi wa umeme, askari wa msitu na mwanafunzi wa chuo wanapishana kwenye njia ya upana wa mita moja ni mahali penye mengi ya kusomwa. Kelele ya mitambo, kusema kweli, inakera. Inaisha ukishuka kilima cha pili.

Pingamizi la usalama ni gumu zaidi na halijibiwi kwa maneno matamu. Kwa miaka mingi wageni wamekuwa wakishauriwa wasitembee Ngong peke yao, wachukue askari wa Huduma za Misitu langoni, na ushauri huo haukutungwa bure. Uporaji umewahi kutokea. Mtu anaweza kudai kwamba kuwahimiza watu waende hadi vilima vya kusini ni kuwapeleka mahali palipo na watu wachache. Lakini angalia kwa nini pana watu wachache. Desturi ya mazoezi inawarundika wapandaji kwenye vilima viwili vitatu vya kwanza, wanageuka, na sehemu iliyobaki inaachwa tupu. Palipo patupu ndipo panapoogopwa, na panapoogopwa watu hawaendi. Duara hilo haliwezi kukatwa na askari peke yao. Linakatwa na watu wengi wanaotoka pande zote mbili, Ngong na Kona Baridi, wakikutana katikati mchana kutwa. Askari wachukuliwe, na walipwe. Lakini pawe na askari wa kupokezana kwenye mabonde madogo kati ya vilele, badala ya askari mmoja kuburutwa na kikundi cha watu hamsini ambacho mbele yake na nyuma yake hapaonani.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliogopa, kwa kuwa linatokana na mapenzi ya vilima vyenyewe. Ukivisifu, unavimaliza. Udongo wa volkano ukilowa katika mvua za masika unateleza kama sabuni; mpandaji anakwepa matope, anakanyaga nyasi za pembeni, anayemfuata anakwepa zaidi, na baada ya misimu michache njia moja imekuwa njia nne, kila moja ikiwa mfereji. Uskoti kule kwenye milima ya orodha, mawe ya kutengenezea njia zilizomomonyoka hulazimika kubebwa kwa helikopta. Sisi helikopta za kubeba mawe hatuna. Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, watu wameshafika, na hawakungoja sifa za gazeti. Swali lililobaki ni kama wote watakanyaga vilima vile vile viwili au watasambaa. Pili, mtazamo wa uwanja wa mazoezi ndio unaoharibu zaidi. Anayefanya mazoezi anataka mteremko mkali, anaushuka mbio, anaurudia, na mvua kwake ni sehemu ya ugumu anaoutafuta. Anayetembea mgongo ana sababu ya kuahirisha, kwa kuwa alichokijia ni ukingo na mandhari, na mwezi Aprili vyote viwili vimefunikwa. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inavipa vyama vya jamii vya misitu nafasi ya kushiriki katika usimamizi, na kazi ya kwanza yenye maana ingekuwa kuchagua njia moja, kuichimbia mikato ya kupitishia maji, na kuzifunga nyingine kwa miiba. Hiyo ni kazi ya jembe na sururu, na mikono ya kuifanya ipo vijijini. Kufunga njia kabisa kwa wiki kadhaa za masika pia kusiogopwe. Kelele zitakuwepo kwa Jumamosi mbili, kisha watu watazoea.

Bado kuna wale watakaosema kwamba haya yote ni kumvunja kijana moyo, kwamba anayeota Kilimanjaro aachwe aote. Aote. Kilimanjaro ni mlima mkubwa na anayeufikia amefanya jambo. Lakini tupige hesabu za mfuko. Kupanda hadi Uhuru ni kazi ya siku tano au zaidi, yenye ada za hifadhi, waongozaji, wapagazi na nauli ya kuvuka mpaka, na gharama yake kwa mtu mmoja huzidi mshahara wa miezi mingi wa wengi waliomo ndani ya matatu ile ya alfajiri. Ngong inataka nauli, ada ya lango, maji, chapati mbili na ndizi. Wengi mno wa wanaoitembea leo hawatakanyaga Kilimanjaro maishani, na wala hilo si kushindwa. Kipimo kinachougeuza mlima wa watu wengi kuwa maandalizi ya mlima wa watu wachache kinawafanya hao wengi waishi katika maandalizi yasiyo na siku ya harusi. Kuna mwalimu mahali fulani Kiserian aliyetembea mgongo wote mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka na ambaye bado, akiulizwa, atasema hajawahi kupanda mlima. Watu wa aina yake ni wengi.

Yanayohitajika si mengi. Safari zitangazwe kwa jina lake, mgongo mzima, na vikundi viache kupanga gari lisubiri pale pale lilipowashusha. Usafiri wa umma wa kurudi Kiserian upo kwenye barabara ya Magadi, na nyama choma ya Olepolos ni sababu tosha ya kumalizia kusini. Kila kilele kipewe kibao kidogo chenye jina na kimo, na majina hayo yatafutwe kwa wazee wa Kimaasai wanaochunga huko, kabla kampuni ya vinywaji haijajitolea kuyadhamini. Chini ya jina paandikwe umbali uliobaki hadi pande zote mbili, ili ule uongo wa “viwili tu” upate mshindani. Bajeti ikitosha kibao kimoja tu kwa mwaka huu, kisiwekwe juu ya Lamwia, ambako kila mtu atakipiga picha. Kiwekwe kwenye bonde linalofuata baada ya Lamwia, pale ambapo wengi husimama, wakatazama saa, na kugeuka.